Sita au Tisa? Niliyojifunza Tangu Usikivu Wangu Upungue

Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani katika mtaa mmoja wa Lamu mjini, na kazi yangu kwa zaidi ya miaka ishirini imekuwa kuwasikiliza watoto wakisoma. Naitanguliza kazi hiyo kwa sababu ndiyo iliyonifichua. Mtu wa shughuli nyingine huweza kuishi muda mrefu na masikio yaliyopungua nguvu bila ya yeyote kutambua, lakini upungufu wa mwalimu wa Kurani husikika katika ndimi za wanafunzi wake. Ramadhani moja niliwapeleka vijana wangu kwenye mashindano ya kuhifadhi, na majaji wakawapunguzia alama karibu wote kwa sababu moja: herufi ya Kiarabu thaa waliitamka kama sini, yaani s, na dhali wakaitamka kama zai, yaani z. Hifadhi yao ilikuwa safi; matamshi ndiyo yaliyowaangusha. Mmoja wa majaji, mzee ninayemheshimu sana, alinivuta kando akaniuliza kwa upole, "Maalim, hawa hukusomea wewe mwenyewe?" Nikamjibu kwamba ndiyo, kila siku, mmoja mmoja. Hakuongeza neno, nami usiku ule sikulala.

Dalili zilikuwapo tangu zamani, ila kila moja nilikuwa nimeitafutia sababu yake. Televisheni ya nyumbani niliifungulia sauti mpaka jirani wa nyumba ya pili akajua kwamba taarifa ya habari imeanza. Watu wa siku hizi, nilikuwa nikijiambia, wanakula maneno. Barazani niliyafuata mazungumzo vizuri mpaka watu watatu waanze kusemezana kwa pamoja, na hapo nikabaki kutazama nyuso. Mwaka 2020, barakoa zilipofunika midomo ya watu wote, nilijikuta sielewi hata bei ninayotajiwa dukani, nikailaumu barakoa kwamba inaziba sauti. Ni kweli huziba kidogo, lakini kubwa zaidi ni kwamba ilikuwa imeninyima midomo ambayo, pasipo mimi kujua, nilikuwa nikiisoma kwa miaka. Ikiwa wewe pia ulipata taabu ya namna hiyo wakati ule, nakushauri uende ukapimwe hata kama leo unajiona huna tatizo.

Kabla ya kufundisha nilikuwa baharia. Ujana wangu ulipita katika mashua za injini za abiria na mizigo baina ya Lamu, Mokowe na Faza, nikiketi kando ya injini ya dizeli isiyo na kifuniko, na jioni nikishuka gatini nina mlio mwembamba masikioni ambao kufikia asubuhi ulikuwa umekwisha. Ukafika wakati haukwisha tena, nami nikauzoea. Hakuna aliyetuambia wakati ule kwamba mlio huo wa jioni ni sikio linalolalamika. Baadaye mtaalamu alinieleza kwamba kipimo kinachotumiwa makazini ni desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa nane, na kwamba kila sauti inapoongezeka kwa desibeli tatu, muda wa salama hupungua kwa nusu, yaani desibeli 88 ni saa nne, na 91 ni saa mbili. Injini zetu zilizidi hapo kwa mbali, na sisi tulikuwa tukipiga kelele juu yake ili tusikilizane. Vijana wanaoendesha boti sasa ningewaomba wanunue vizibo vya masikio. Bei yake haifikii hata lita moja ya mafuta wanayoyachoma.

Nilipokubali kwamba kuna jambo, nilianzia pale ambapo wengi wetu huanzia, yaani jikoni. Mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto pamoja na kitunguu saumu ni dawa ya sikio inayojulikana katika nyumba nyingi za pwani, na shangazi yangu alinitilia kwa mkono wake huku akinisomea dua. Hayakunidhuru wala hayakunifaa, ila kliniki nilielezwa kwamba nilijiweka hatarini. Kama ngoma ya sikio ina tundu, kinachomiminwa hupenya mpaka ndani na kuleta usaha, na mafuta ya moto huweza kuichoma ngozi laini ya sikio. Vijiti vya pamba navyo havisafishi, bali husukuma nta mbele zaidi mpaka igande. Nta nilikuwa nayo kweli. Ililainishwa kwa matone kwa siku kadhaa, kisha ikaoshwa kwa maji ya uvuguvugu. Wapo watu ambao tatizo lao humalizikia hapo, na wakatoka wakicheka kwamba walikuwa wameshajiita viziwi, kwa hiyo uchunguzi uanzie hapo. Kwangu mimi ulimwengu ulipanda sauti kidogo tu, na maneno yakabaki hayajulikani.

Kupimwa kwa ukamilifu kulihitaji safari: boti mpaka Mokowe, basi kupitia Witu na Malindi mpaka Mombasa, na malazi kwa jamaa. Safari ya mwanzo ilikuwa hasara tupu, kwani mtaalamu alikuwa likizoni na aliyenipokea hakujua atarudi lini. Anayetoka visiwani apige simu kwanza aulize mambo mawili, kama mtaalamu yupo na kama mashine inafanya kazi, tena amtaje mtaalamu wa kupima usikivu, si daktari wa masikio, pua na koo peke yake, kwa maana hizo ni kazi mbili na si kila mahali zinapatikana pamoja.

Kipimo chenyewe hakiumi. Unaingizwa katika kijichumba kisichopenya kelele, unavishwa vipaza sauti vya masikioni, unapewa kitufe, na kila unaposikia mlio, hata ukiwa wa mbali kabisa, unabonyeza. Milio huwa ya namna nyingi, minene na myembamba, na majibu huandikwa katika chati: sikio la kulia kwa viduara vyekundu, la kushoto kwa alama za msalaba za buluu. Upande wa sauti nene, hezi 250 na 500 (hezi ni kipimo cha unene na wembamba wa sauti), mistari yangu ilikuwa juu, karibu na ya mtu mzima asiye na tatizo. Ilipofika hezi 2000 ikaanza kuteremka, na kwenye 4000 ikatumbukia hadi kuipita alama ya desibeli 65, kisha ikainuka kidogo; katika chati hii mstari ukishuka, usikivu umepungua. Mtaalamu aliweka kidole pale penye shimo akaniuliza kama nimewahi kufanya kazi penye injini. Sikuwa nimemwambia.

Kisha akanieleza jambo ambalo laiti ningaliambiwa mapema lingaliniepusha na magomvi mengi nyumbani. Irabu zina nguvu na ziko upande wa sauti nene, na ndizo zinazokufanya usikie kwamba mtu anazungumza. Konsonanti, hasa s, t, f, k, sh na th, ni pumzi nyembamba zilizo upande wa juu, na ndizo zinazokujulisha anazungumza nini. Mtu wa aina yangu husikia, lakini hafahamu. Ndiyo maana mke wangu alikuwa akiniambia, "Baba Salma, wewe husikia utakacho," naye alikuwa na haki ya kudhani hivyo, kwa sababu mlango ukigongwa nasikia, punda akilia nasikia, na yeye akiniita nasikia, ila akiniambia nilete nini kutoka sokoni narudi na kitu kingine.

Hapo nikalielewa jambo lililokuwa limeniuma mwaka mzima. Binamu yangu alifariki Faza, na gatini niliambiwa saa ya kuondoka boti. Mimi nikasikia saa tisa. Ilikuwa saa sita, kwa sababu ya kujaa na kupwa kwa maji. Yaweke maneno hayo mawili pamoja: irabu zake ni zilezile kwa mpangilio uleule, na kinachoyatenganisha ni s na t zilizobadilishana mahali. Kwa sikio langu ni neno moja. Nilifika gatini nikakuta boti imeondoka, na maiti akazikwa mimi nikiwa nimeketi juu ya ngazi za gati. Tangu siku hiyo saa na bei na idadi sizipokei kwa sikio. Naomba vidole, au naomba iandikwe kwenye simu, au nasema mwenyewe, "Baada ya adhuhuri au kabla?" na swali hilo hukata shauri lote.

Seli za ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena, na hakuna dawa ya kuzirudisha, kwa hiyo kilichobaki kilikuwa vifaa vya kusaidia kusikia. Hapa nitatahadharisha juu ya vile vinavyouzwa kwa shilingi elfu mbili au tatu mitandaoni na vibandani. Nilinunua kimoja. Huongeza kila kitu kwa kiasi kimoja, na kwa kuwa sauti nene nilikuwa nazisikia tayari, kilinipigia jenereta na punda kwa nguvu za ajabu na maneno yakabaki gizani. Kifaa cha kweli hurekebishwa kwa kompyuta kufuata chati ya mwenyewe, kikaongeza pale palipopungua na kuacha pale palipo salama. Viwili vyangu, vya nyuma ya sikio, pamoja na vipande vilivyofinyangwa kwa umbo la masikio yangu, vilinigharimu karibu shilingi laki moja na nusu. Bima niliyokuwa nayo haikulipia hata senti, na nikauza sehemu yangu katika mashua ya ndugu yetu. Vipo vya bei ya chini na vipo vya bei ambayo sikuthubutu kuitazama mara ya pili. Kabla ya kulipa, uliza kama bei imeingiza marekebisho ya miezi ya mbele, na udai yaandikwe, maana kifaa kisichorekebishwa hurudi kabatini, na kwa sisi wa visiwani kila rekebisho ni nauli nyingine.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu kuliko nilivyotarajia. Sauti yangu mwenyewe niliisikia kama ninayezungumza ndani ya mtungi. Kijiko kikigusa sahani kilinikata, makaratasi yalinguruma, na vipaza sauti vya misikiti yetu, ambayo mjini Lamu imepandana, viliniangukia vyote kwa wakati mmoja. Nilivivua, nikavirudisha, nikavivua tena, nikawa na hasira na watu wasio na kosa. Kilichonisaidia ni ushauri wa kuvivaa nyumbani mahali patulivu kwa saa chache, kisha kuongeza siku hadi siku, kwani ubongo uliokaa miaka bila ya sauti nyembamba huhitaji muda wa kujifunza tena kipi cha kusikiliza na kipi cha kupuuza. Nilimwomba binti yangu anisomee gazeti huku nikiyafuata maandishi kwa macho, na zoezi hilo lilinipa faida kubwa. Kwangu mabadiliko ya kweli yalikuja baada ya miezi, si wiki.

Halafu kuna hali yetu ya hewa na mwendo wa maisha yetu, mambo ambayo karatasi ya maelekezo haikuyafikiria. Chumvi, jasho na unyevu ni maadui wa vifaa hivi. Usiku huvilaza vyangu ndani ya kopo linalofunga sawasawa pamoja na vijipakiti vya chembechembe za kufyonza unyevu, vile vinavyotiwa ndani ya masanduku ya viatu, milango ya betri ikiwa wazi. Wakati wa kutawadha lazima vitoke, kwa kuwa masikio hupakwa maji, na mara tano kwa siku ni nafasi tano za kuvisahau juu ya ukuta wa birika. Nimeshona mfuko mdogo wenye kifungo ndani ya kanzu, na hakuna mahali pengine ninapoviweka. Kofia ikishuka karibu na sikio kifaa hupiga mbinja, na katika safu ya swala mbinja hiyo husikiwa na kila mtu isipokuwa mimi. Nikanunua kofia zenye kimo kifupi zaidi, jambo ambalo lilimfurahisha mshonaji kuliko lilivyonifurahisha mimi.

Hata hivyo, vifaa ni nusu tu ya habari. Aliyenifundisha nusu ya pili ni kijana seremala wa mtaani kwetu aliyezaliwa kiziwi, ambaye lugha yake ni Lugha ya Ishara ya Kenya, lugha iliyotajwa katika Katiba ya 2010 pamoja na lugha nyingine ambazo dola lina wajibu wa kuziendeleza. Hali yake si hali yangu. Yeye ana lugha kamili tangu utotoni, mimi ni mtu wa maneno ya sauti ninayeyapoteza. Lakini nilimtazama akifanya kazi zake na wateja. Hazungumzi na mtu mpaka awe amepata macho yake, kwa kugonga meza au kugusa bega. Hasimami penye kivuli. Mteja akigeuka kutazama mlango, yeye husubiri. Hafanyi haya kwa kuona haya wala kwa kuomba radhi, na watu wote humfuata. Dada yake alinitafsiria siku moja maneno aliyoyasema juu yangu: "Mwalimu anaketi mahali pabaya halafu anawakasirikia watu."

Ilikuwa kweli. Nyumba zetu za zamani zina kuta nene, madirisha machache na giza la mchana, na mimi nilikuwa na desturi ya kuketi nikiutazama mlango, kwa hiyo kila aliyeingia alikuwa kivuli tu mbele ya mwanga. Nikageuza viti. Sasa mwanga hunijia kutoka nyuma na kuuangukia uso wa mgeni. Barazani huchukua pembe, ukuta ukiwa nyuma yangu na sikio langu la kulia, lililo bora kidogo, likielekea watu. Umeme ukikatika usiku, taa huwekwa karibu na msemaji, si karibu na mimi. Midomo haisemi yote: baba, mama na papa hufanana kabisa kwa macho. Lakini macho hujaza pale sikio linapokosa, na sikio hujaza pale macho yanapodanganyika. Wenzangu wanaotafuna tambuu na miraa nimewaomba wameze kwanza ndipo waniambie jambo la maana. Wamenicheka, lakini wanafanya. Akina mama wa wanafunzi wangu wanaovaa nikabu huniletea haja zao kwa ujumbe wa maandishi au kumtanguliza mtoto aseme mbele yangu, na heshima ya kila mmoja imebaki mahali pake.

Kupaaza sauti hakunisaidii. Anayepiga kelele huzinenepesha irabu, ambazo ninazo, na kuzivuruga konsonanti, ambazo sina, tena uso wake hukunjamana nikadhani ana hasira. Ninachohitaji ni mtu kunielekea, kusema taratibu kidogo kwa sauti ya kawaida, na kunitajia kwanza mada. "Ni habari ya harusi ya Jumamosi," akishaniambia hivyo, nusu ya maneno yanayofuata nayajua kabla hayajatamkwa. Nisipoelewa mara ya kwanza, kurudia sentensi ileile hakufai kitu, aibadilishe.

Kwa upande wangu nimeliacha neno "Nini?" kwa sababu humlazimisha mwenzangu kurudia yote, naye huchoka. Husema nilichokipata: "Umesema mgonjwa amepelekwa Mombasa, nani amefuatana naye?" Hapo hunirudishia kipande kimoja tu, na hujua kwamba nilikuwa nikimsikiliza. Kuitikia "naam" kwa jambo lisilosikika, na kucheka pale wanapocheka wengine, ni tabia inayotujia wote wenye hali hii kwa ajili ya kulinda heshima, na ndiyo inayotuvunjia heshima. Mzee mmoja wa baraza yetu aliitikia hivyo alipoulizwa kama anakubali posa ya binti yake, na ilichukua siku nyingi za kutumana wazee kurekebisha. Watu husamehe kuulizwa tena. Kujibiwa hovyo wao huona kuwa ni dharau au akili iliyopungua. Mtu alinipiga kijembe barazani, "Sikio la kufa halisikii dawa," nikamwambia kwamba hilo nimelisikia vizuri mno, arudie lile la kabla yake.

Chuoni mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi, na sehemu moja yake bado inaniuma. Kuta za mawe zilizopakwa chokaa hurudisha sauti, na watoto thelathini wakisoma kwa pamoja maneno hugeuka mvumo mmoja. Nilitandika mazulia mazito, nikatundika mapazia na mikeka kwenye kuta mbili, na mwangwi ukapungua hata kwa walimu wenye masikio mazima. Mtoto anayesoma sasa huketi ananielekea, dirisha likimmulika, kidole juu ya aya ili macho yangu yajue alipo. Nikagundua kwamba thaa na dhali naweza kuzihukumu kwa kutazama, kwa sababu ncha ya ulimi huonekana baina ya meno. Ulimi usipotoka, najua ametamka sini au zai. Fee nayo huonekana kwenye mdomo wa chini. Swadi siioni, lakini huinenepesha irabu inayoifuata, na irabu ninazo, kwa hiyo kuitenga na sini hakunishindi. Iliyonishinda ni zile he mbili, ya kooni na ya kifuani, zikija mwisho wa neno, na vijisauti vya qalqala, yaani ule mdundo mdogo wa herufi kama qafu na dali zisipokuwa na irabu. Sehemu hiyo nimemkabidhi mpwa wangu, ambaye nilimfundisha mwenyewe tangu alif. Yeye hupitisha matamshi, mimi nimebaki na hifadhi, hukumu za kusoma na adabu. Wazazi niliwaambia waziwazi katika kikao, na aliyetaka kumhamisha mwanawe alimhamisha. Waliohama walikuwa wachache.

Jambo ambalo hakuna aliyenitayarishia ni uchovu. Kusikiliza kwa macho, kwa sikio na kwa kukisia ni kazi, na ifikapo magharibi kichwa huwa kimejaa. Mikutano yenye uzito naomba iwe asubuhi. Siku za Maulidi, matari yanapolia katika msikiti wa Riadha na watu wamejaa mpaka njiani, hupunguza nguvu za vifaa au kuvitoa kabisa, nikafurahia kwa macho na kwa mtikisiko wa kifua. Nyumbani wanajua kwamba nikivivua sijanuna, napumzika. Na vichochoroni natembea karibu na ukuta, kwa sababu "simile!" ya mwenye punda au mkokoteni nyuma yangu huenda isinifikie, na kwenye boti humwambia nahodha mapema kwamba tahadhari yoyote anigusie.

Simu imekuwa rafiki na adui. Ujumbe wa sauti nimewakataza jamaa, wakitaka jibu waandike; simu ya video naipokea kuliko ya kawaida, kwa ajili ya midomo. Kuna programu zinazogeuza maneno kuwa maandishi papo hapo, na Kiswahili kimo, ingawa zimezoea Kiswahili sanifu na Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, hukigeuza kuwa mambo ya kushangaza. Kwa daktari na benki zinanitosha.

Kuhusu serikali, mwenye upungufu wa kudumu anaweza kuandikishwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu baada ya kupimwa katika hospitali iliyoruhusiwa. Nilisitasita kwa sababu ya neno ulemavu, kisha nikaona kwamba kadi hainipunguzii kitu. Nakala ya chati yako itunze nyumbani, kwani kila ofisi huitaka na kila mtaalamu mpya atataka kuilinganisha. Mwambie pia daktari yeyote anayekuandikia dawa kwamba una upungufu wa usikivu, kwa maana zipo dawa, kama sindano za gentamisini na dawa za zamani za kifua kikuu, zinazoweza kuudhuru zaidi. Na sikio likipotea ghafla, ndani ya saa chache au siku mbili tatu, hilo si la kungoja wala la mafuta ya ufuta. Ni dharura ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa tiba yake hufaa zaidi ikianza mapema.

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya 2021 kwamba zaidi ya watu bilioni 1.5 wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani. Sikuihitaji ripoti kujua kwamba siko peke yangu. Tangu nianze kuonekana na vifaa hadharani, wazee wawili wa mtaani wamekuja kuniuliza usiku, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiniomba nisimwambie mwenziwe. Sasa wote wanavyo, na tatizo letu la pamoja ni betri. Hizi huanza kufanya kazi utepe wake unapobanduliwa na hewa kuingia, na zikishabanduliwa hazihifadhiki, kwa hiyo usibandue ya akiba, na ukiibandua ya kutumia iache dakika moja au zaidi kabla ya kuifunga ndani. Vyangu hula jozi moja kwa wiki na siku kadhaa. Nyumba yenye watoto wadogo izifungie, maana betri hizi zikimezwa huunguza koo. Lamu hazipatikani kwa uhakika, hivyo tunachanga pesa na kumpa anayesafiri Mombasa atununulie za miezi kadhaa, akitazama tarehe ya nyuma ya pakiti. Mimi na mzee mmoja tunatumia namba 13, ya utepe wa rangi ya chungwa. Yule wa tatu hutumia 312, ya utepe wa kahawia. Tumewahi kuletewa zisizo zetu kwa sababu namba zilitajwa kwa simu, na siku hizi msafiri tunampa pakiti tupu aende nayo mfukoni.